Mguu wa Kushoto wa Mzee Fransisko

Kila Fidel alipozima gari, aliuchomoa ufunguo na kuutia kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, na pale ulipokaa ulichora umbo lake kwenye kitambaa. Mama yake, Levina, alikuwa akiliangalia umbo hilo tangu alfajiri. Aliliangalia wakati Fidel akinywa chai kwa kiporo cha wali, na sasa analiangalia tena hapa Lipangalala, mjini Ifakara, kwenye gereji ya Mudathiri, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ambako pumba hupepea siku nzima na kutua juu ya magari mabovu kama unga juu ya meza ya mwoka mikate.

Siku nne mume wake hajaushika ufunguo ule. Mzee Fransisko, miaka sabini na miwili, dereva wa misheni kwa miaka thelathini na mmoja, mtu ambaye hajawahi kumkanyaga hata kuku wa watu, alikuwa ameletwa gereji kwenye gari lake mwenyewe akiwa amekaa kiti cha nyuma, magoti yamefika kidevuni.

Jambo lilianzia Jumamosi, kwenye milima ya kwenda Mahenge. Walikuwa wanakwenda kwenye ndoa ya Violeth, mjukuu wa dada yake Levina. Ndani ya gari walikuwa watu wanne, magunia mawili ya mchele na mbuzi mmoja. Gari lenyewe ni la dizeli, la zamani, pua mraba, mabati yake hayashiki kutu. Watu wa mtaani wanaliita Bruda, kwa sababu kabla Fransisko hajalinunua lilikuwa la Bruda mmoja wa misheni aliyekuwa akizunguka nalo kuchimba visima. Bruda hakuwahi kushindwa mlima. Lakini Jumamosi ile, katikati ya kona za kupanda, injini ilianza kulia juu, juu zaidi, na gari likawa linakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Harufu ikaingia ndani, kali, kama kwato zikiunguzwa. Bodaboda iliyobeba watu wawili na godoro iliwapita, na yule wa nyuma, aliyelishika godoro, aliwapungia mkono.

"Baba, toa mguu kwenye klachi," alisema Fidel.

"Mguu hauko kwenye klachi."

"Baba, si tunasikia harufu wote?"

"Harufu naisikia. Mguu hauko kwenye klachi."

Walifika ndoa imeshafungwa. Usiku ule ule Fidel, ambaye ni mwalimu wa sekondari huko Morogoro na amezoea kusema jambo mbele ya watu arobaini, alisema mbele ya wajomba na mashangazi kwamba baba ameshazeeka, mguu wake wa kushoto umekuwa mzito, anausahau juu ya kanyagio, na gari linaungua taratibu bila yeye kujua. Leo klachi, kesho breki. Akachukua ufunguo.

Mzee Fransisko hakugombana. Alisema tu, "Tumwulize fundi. Akisema ni mguu, sishiki tena usukani maisha yangu. Akisema ni gari, utanirudishia ufunguo wangu."

"Sawa," alisema Fidel.

Basi ndilo lililowaleta. Levina alijua mume wake hatalikana neno lake. Alijua pia kwamba mtu yule bila usukani atakaa barazani akihesabu magari ya wenzake mpaka Mungu amchukue.

Mudathiri alitoka chini ya lori akajipangusa. Alikuwa mtu mfupi, wa miaka hamsini hivi, babu yake alikuja Ifakara kutoka Lindi kuuza vitambaa, na duka la familia bado liko karibu na stendi ya zamani. Yeye peke yake ndiye aliyependa vyuma.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," waliitika pamoja.

"Mwalimu, karibu. Morogoro hawajambo?"

"Hawajambo. Fundi, klachi ya gari hili imeungua. Nataka uniambie kitu kimoja tu, nani kaiunguza."

Mudathiri aliiangalia mikono yake. Aliingia kibandani, akatoka na birika la maji na kipande cha sabuni ya mche. Akachutama, akaanza kunawa. Alinawa kwa utaratibu, kidole kimoja kimoja, akazisugua kucha, akasuuza, akanusa viganja vyake, akarudia kupaka sabuni. Levina alikuwa ameona mafundi wengi katika maisha ya kuolewa na dereva. Wote hunawa kazi ikiisha. Hakuwahi kuona anayenawa kwanza.

"Fundi, unataka kula?" aliuliza.

Mudathiri alicheka. "Hapana, mama. Nikishika gari la mzee na mikono ya lile lori, nitawapa habari za lori."

Kisha akaanza kuuliza, akiwa bado anakausha mikono kwa kuipunga hewani.

"Mzee, nianzie asubuhi. Likiwa baridi linaondokaje?"

"Linatetemeka," alisema Fransisko. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne kusema zaidi ya ndiyo na hapana. "Ukiachia klachi linatetemeka kama mtu mwenye homa, halafu linaondoka. Likishapata moto linatulia."

"Na likishapata moto?"

"Ndipo injini inapokimbia bure."

"Gia gani?"

"Ya nne, na ya tatu nikiwa na mzigo. Ya kwanza linavuta. Tambarare huwezi kujua kitu, kutoka hapa mpaka Kisawasawa linakwenda kama zamani. Likiona mlima linaniaibisha."

"Injini inazama, au inapiga kelele?"

"Inapiga kelele. Inapanda juu, gari limekaa."

"Basi injini haina ugonjwa," alisema Mudathiri, na Levina akashangaa jinsi alivyolisema kirahisi, hajafungua hata boneti. "Injini iliyochoka haina nguvu ya kulia hivyo, ingezama kwenye mlima na kuzima. Hii inafanya kazi yake, ila kazi haifiki kwenye magurudumu. Linavuja oili?"

Hapo Mzee Fransisko alinyoosha mgongo. "Halivuji hata tone. Tangu mwezi wa tano. Njoo uani kwangu uone, pasafi kama altare."

"Gari la umri huu?"

"La umri huu."

"Na zamani?"

"Zamani lilikuwa linadondosha kidogo, kama wenzake. Likaacha lenyewe."

"Likaacha lenyewe," alirudia Mudathiri, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba mto Kilombero umepumzika leo. Levina alitaka kusema neno. Akaona halihusiani na klachi, ni habari za uani na mpunga, akanyamaza.

"Mwalimu," alisema Mudathiri, "mpe mzee ufunguo."

Fidel aliweka mkono kifuani. "Si ndicho tunachouliza, fundi, kama anaweza?"

"Nimeombwa kuuona mguu. Nitauonaje ukiwa kiti cha nyuma?"

Ufunguo ulitoka mfukoni.

Mudathiri alivua viatu kabla ya kupanda, akaviacha chini vimepangana. "Msikiti wako huu, fundi," alisema Fransisko. "Hapana, mzee, ni masikio yangu," alijibu, akaweka nyayo tupu juu ya bati la sakafu. Levina na Fidel walikaa nyuma. Walishika barabara ya Kivukoni, wakapita wauza samaki wakavu, wakapita vijana wa baiskeli na matenga yao, na njia nzima Mudathiri hakuangalia nje hata mara moja. Aliinama mpaka kichwa kikakaribia goti lake, macho kwenye mguu wa kushoto wa Mzee Fransisko, na kila gia ilipobadilishwa alihesabu kwa sauti ya chini.

"Moja. Mbili. Tatu."

Levina naye alianza kuutazama. Miaka arobaini na sita ya ndoa, ameuosha mguu ule ulipovunjika, ameutoa miiba, lakini hakuwahi kuutazama ukifanya kazi. Ulipanda, ukakanyaga mpaka mwisho, ukarudi taratibu, kisha ukashuka sakafuni na kutulia pembeni, kisigino chini, kama mbwa aliyefundishwa. Ulikuwa mguu wa mzee, mshipa umevimba juu ya kifundo, lakini haukusahau. Saba. Nane. Kila mara ulirudi mahali pale pale, na pale mahali, Levina aliona, rangi ya sakafu ilikuwa imekwisha kwa umbo la kiatu. Miaka yote ile mguu ulikuwa umejichimbia kitanda chake. Kumbe mtu anaweza kuandika maisha yake kwenye bati bila kujua.

Walipofika pale barabara inapopanda kuelekea darajani, Mudathiri alisema, "Weka ya nne, mzee, mapema. Halafu kanyaga mafuta yote."

Fransisko alifanya hivyo. Injini iliruka sauti, ikapanda kama inataka kutoka na kwenda zake, na gari likabaki na mwendo ule ule. Mudathiri alikuwa amefumba macho. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimejikunja juu ya bati.

"Basi. Turudi. Tusiitese."

Waliporudi gereji alikuwa amehesabu gia kumi na tisa. Alimwomba Fransisko kiatu cha kushoto, akakigeuza, akaitazama soli yake kwenye mwanga, akamrudishia. Akashika mpira wa kanyagio la klachi, akaupapasa kama mtu anayechagua embe sokoni. Akalisukuma kanyagio kwa kidole kimoja.

"Mwalimu, njoo uone. Hapa mwanzoni kuna nafasi, linashuka kidogo halijagusa kitu. Nafasi hii isingekuwepo, ningesema kanyagio linaisukuma klachi muda wote hata mtu asipokanyaga. Ipo. Na mpira umelika katikati, sawasawa. Mguu unaolala juu ya kanyagio hula mpira upande mmoja, huu wa chini."

"Anaweza kuwa anakanyaga vizuri leo kwa sababu anatazamwa," alisema Fidel.

"Kiatu hakikujua kama kitatazamwa."

Fidel aliupapasa mpira mwenyewe. Levina alimwonea huruma kidogo, maana hakuwa mtoto mbaya. Aliogopa tu. Mwenzake wa kazini alimzika baba yake mwaka jana, gari liliingia mtaroni.

"Sasa tuiulize klachi yenyewe," alisema Mudathiri. Alipanda mwenyewe kwenye usukani, akavuta hendibreki mpaka ikagoma, akawaambia wote wasisimame mbele ya gari. Akawasha. Akatia gia ya tatu. "Klachi nzima, nikiachia hapa, injini inakufa hapo hapo. Gari limefungwa, halina pa kwenda."

Akaachia.

Injini ilishtuka, ikashuka sauti, halafu ikaendelea kunguruma. Gari limesimama. Gia imo ndani. Mguu hauko kwenye kanyagio, wote waliuona uko chini. Na injini inafanya kazi. Harufu ile ya kwato ikaanza kupanda, na Mudathiri akazima haraka.

Levina alibaki ameweka mkono kinywani. Katika maisha yake yote alijua kwamba injini ikilia na gia ikiwa ndani, gari linakwenda, kama ajuavyo kwamba maji yakichemka ugali unasongwa. Sasa ameona nguvu inaingia mahali na haitoki.

"Fundi," alisema, "inakwenda wapi?"

Mudathiri hakumcheka. "Bandika viganja vyako, mama. Kimoja juu ya kingine. Bonyeza kwa nguvu. Sasa kizungushe cha chini."

Levina akazungusha. Kiganja cha juu kikafuata.

"Cha chini ni injini, cha juu ni magurudumu. Ukikanyaga klachi unavitenganisha kidogo. Ukiachia vinashikana tena. Ndiyo hivyo tu."

"Ndiyo hivyo tu? Hakuna msumari?"

"Hakuna."

"Hakuna meno?"

"Meno yapo mbele, kwenye giaboksi. Hapa katikati kuna sahani moja imebanwa na springi. Ni kushikana tu."

Levina alivitazama viganja vyake, vyeusi kwa majivu ya jikoni, vimepasuka kwa miaka ya kupandikiza mpunga. Alifikiria milima yote waliyopanda na Bruda, magunia, maharusi, wagonjwa waliolazwa nyuma juu ya godoro, lile jeneza la shemeji yake Hermenegildi siku ya mvua. Uzito wote ule, na kulikuwa hakuna kilichoufunga. Kulikuwa na nyuso mbili zimebonyezana gizani, mahali ambapo hapana anayepaona, na zisingeshikana wote wangerudi nyuma mpaka bondeni. Alitaka kukaa. Fundi mmoja akamsogezea tairi kuukuu, akakaa.

"Sasa," alisema Mudathiri, "viganja hivyo vinateleza kwa mambo mawili. Vimelika vikavu, kwa sababu mtu anaviburuza kila siku, na hapo nitakuta vumbi kavu, jeusi, kama masizi. Au vimepakwa mafuta. La kwanza ni la mtu. La pili ni la gari." Akatandika boksi lililokunjuliwa, akajilaza, akaingia chini ya gari na tochi.

Walisubiri. Mashine ya kukoboa ilisimama, na kimya chake kikawa kikubwa. Walisikia spana ikigonga kitu, kisha kimya, kisha sauti ya Mudathiri kutoka chini, sasa si ya mzaha.

"Nani kaziba hapa?"

Levina alijua kabla hajamaliza kusema.

Chini ya nyumba ya klachi, magari ya aina ile yana tundu dogo, na tundu lina kizibo chake cha hesi, cha kukaza kwa kuzungusha. Enzi za kivuko, masika maji yalipopanda mpaka barabarani pale Kivukoni, Fransisko alikuwa akisimama kando, na Levina, ambaye alikuwa mwembamba na mgongo wake haukumsumbua, ndiye aliyejipenyeza chini na kukikaza kizibo kile ili maji yasiingie. Wakishavuka, anajipenyeza tena, anakitoa, wanakwenda. Lilipokuja daraja, kizibo kikahamia kwenye kopo la misumari.

Na mwezi wa tano mwaka huu mpunga ulikuwa uani. Aliutandaza juu ya maturubai mawili, kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mchongoma, na Bruda alikuwa amesimama katikati kama kawaida yake, akidondosha. Mwaka uliotangulia upepo ulikunja turubai, mafuta yakaingia, debe zima likaharibika, wali wake ukanuka hata kuku wakaususia. Levina alifungua kopo la misumari. Alijipenyeza. Alikikaza kizibo kwa vidole, akakimalizia kwa koleo. Alidhani ni kwa wiki moja, mpaka mpunga ukauke.

Lakini uani palikuwa pasafi. Alifagia asubuhi akaona mistari ya ufagio imekaa, hakuna doa. Mume wake akaanza kumwambia kila mtu kwamba Bruda kapona. Levina alimwacha afurahi.

"Kinga kopo," Mudathiri alimwambia fundi mwenzake. Kizibo kilitoka, na oili ikafuata. Haikudondoka, ilitiririka, nyeusi tii, uzi mnene usiokatika, ikajaza kopo la rangi nusu nzima. Mudathiri alitoka na tone moja kwenye vidole vyake vilivyooshwa. Akalisugua. Akalinusa. Akafumba macho akalinusa tena.

"Ya giaboksi ingekuwa na wekundu. Hii nyeusi ni ya injini ya dizeli, na ina harufu ya klachi ndani yake. Sili ya nyuma ya injini, ule mpira wa kuzuia oili, imechoka, inavuja kidogo kidogo. Tundu liko wazi, inadondoka chini, mnaona, mnakuja kwangu. Tundu limezibwa, inajaa humo ndani, gurudumu la injini, lile linalozunguka humo ndani, linaichota na kuirusha kwenye sahani. Vumbi kavu hakuna. Mguu wa mzee hauna kosa."

Fidel hakuangalia kopo. Alimwangalia baba yake. "Lakini aliyeziba ni yeye. Aliziba akasahau. Baba, ulikiweka lini?"

Mzee Fransisko alifungua kinywa. Levina aliona macho yake yakienda pembeni, yakirudi, yakitafuta. Alikuwa anaingia ndani ya kichwa chake chumba baada ya chumba, akitafuta siku aliyokaza kizibo, na hakuipata, na kwa kuwa hakuipata alianza kuamini. Uso ulimlegea. Siku nne zote za barazani hakuwa ameogopa. Sasa aliogopa.

"Sikumbuki," alisema polepole. "Fidel, sikumbuki kabisa."

"Ni mimi," alisema Levina.

Wote waligeuka. Alikuwa bado amekaa kwenye tairi, viganja magotini.

"Hakumbuki kwa sababu hakufanya. Niliziba mimi, mwezi wa tano, kwa ajili ya mpunga. Nilichoka kufagia oili. Sikujua kama ile kudondosha ndiyo afya yake."

Mashine ya kukoboa iliwaka tena upande wa pili. Mzee Fransisko alimtazama mke wake, na rangi ikawa inamrudia usoni.

"Levina."

"Abee."

"Nimemwambia paroko gari langu limejiponya."

"Nilisikia."

"Nimeiambia jumuiya nzima. Jirani Balbina akaniuliza nilimwomba mtakatifu gani."

"Na wewe ukamtajia," alisema Levina, na Mudathiri akageuka haraka kutafuta kitambaa ambacho kilikuwa begani kwake.

Gari lilibaki gereji siku mbili. Fidel aliomba ruhusa kazini, na siku ya pili giaboksi iliposhushwa alikuwa chini pamoja na mafundi, ameshika taa. Mudathiri aliwatolea sahani wakaione. Ilikuwa nyembamba kuliko Levina alivyodhani, duara kama sinia la kuchagulia mchele kidogo, na uso wake uling'aa kwa mafuta kama umepakwa kwa sherehe. Uso wa gurudumu la injini ulikuwa na madoa ya bluu, yale ya chuma kilichopata moto. Levina aliomba kuishika. Aliibeba kwa mikono miwili, akaipima. Haikufika uzito wa jogoo. Akairudisha, maana neno lililomjia lilikuwa la kanisani, si la gereji.

Ikawekwa sili mpya na sahani mpya, gurudumu likasafishwa, giaboksi ikapanda. Jioni Mudathiri alinawa mikono yake, akavuta hendibreki, akatia ya tatu, akaachia. Injini ilikufa papo hapo, kimya, kama taa iliyozimwa na mtu. Mafundi walipiga makofi.

Fidel alichomoa ufunguo akamwendea baba yake. Hakumpa mara moja.

"Baba, nilikosea. Mbele ya wajomba nilikosea, na nitawapigia simu mmoja mmoja. Lakini siku itafika kweli. Utanilaumu nikiogopa?"

"Sikulaumu," alisema Mzee Fransisko. "Siku itafika. Nikiiona nitapanda basi, nitakuletea ufunguo Morogoro kwa mkono wangu."

"Na usipoiona?"

Mzee alifikiri. "Mama yako ataiona."

Wakamgeukia Levina. Aliona kwamba hili si jambo la kuitikia kwa adabu tu. Alikuwa ameficha kizibo kidogo kwa ajili ya mpunga, na mtu huyu akakaribia kujiona mjinga mbele ya mwanawe. Sasa wanamkabidhi kitu kikubwa kuliko kizibo, na siku akikisema kitamkata mume wake kuliko panga. Alikikagua kila upande.

"Nitasema," alijibu. "Hata ukininunia. Siku nitakayoiona, nitasema siku hiyo hiyo."

Fidel alinyoosha mkono, na Mzee Fransisko akaupokea ufunguo kwa mikono miwili, kama anavyopokea ekaristi. Akaenda kwenye mlango wa dereva, akaufungua, akasimama mguu mmoja juu.

"Ila ukisema, useme kwa nguvu," alisema bila kugeuka. "Wewe unakaa kushoto kwangu, na sikio la kushoto siku hizi halinisaidii sana."

Fidel alimtazama mama yake. Hakuna aliyecheka.

"Najua," alisema Levina, akizunguka kwenda upande wake. "Tangu Pasaka nasema kwa nguvu. Panda twende, giza linaingia."